Jua Katikati ya Mwezi na Mnara

Kaka mtu hakuwahi kuziamini zile karata za kutabiria. Tangu mdogo wake alipofundishwa na shangazi yao kuzisoma, kazi yake ilikuwa kumtania tu. "Haya, mtabiri wetu, hebu ziulize hizo picha soksi yangu ya pili iko wapi." Kwa hiyo Jumanne ile, alipobisha hodi saa kumi na moja jioni, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyepita tu, kisha akasema, "Nitandikie karata zako," dada mtu alidhani ni utani ule ule.

"Leo umeishiwa na watu wa kuwacheka?"

"Sicheki. Tandika."

Alikuwa fundi lifti, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mikono mipana yenye harufu ya grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga. Mdogo wake alikuwa mshonaji wa mapazia. Kule karakanani walimwita Pazia, na jina likamganda mpaka nyumbani. Siku ile Pazia alikuwa na haraka. Sakafu nzima ya sebule ilifunikwa na vitambaa vya kliniki mpya, ile ya kuwafanyisha mazoezi watu waliovunjika viungo, iliyokuwa inahamia ghorofa ya saba ya jengo jipya. Kazi hiyo kaka yake ndiye aliyemtafutia, maana yeye ndiye aliyekuwa akifunga lifti mle. Mapazia yalitakiwa Alhamisi, na Ijumaa kliniki ingefunguliwa.

"Swali lako ni nini?" Pazia aliuliza huku akizichanganya karata.

"Nalibakiza moyoni. Si inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

Ilikuwa inaruhusiwa, ndiyo, lakini Pazia hakusubiri kulijua. Alishajiambia mwenyewe kwamba kaka yake anataka kujua kama atapandishwa cheo. Wifi yake alikuwa ameligusia jambo hilo mwezi uliopita. Akalaza karata tatu juu ya meza na kuzifunua moja baada ya nyingine. Kushoto ulitoka Mwezi, na mbwa wawili wanaubwekea njiani. Kulia ukatoka Mnara, jengo refu lililopigwa radi, na watu wawili wanaporomoka vichwa chini. Na katikati, likiwa limesimama wima, lilitoka Jua, na mtoto mcheshi juu ya farasi mweupe.

Pazia alipiga makofi. "Jua! Kaka, hii ndiyo karata nzuri kuliko zote humu. Chochote ulichonacho moyoni, kifanye. Usiogope."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi ni vumbi la njiani tu. La maana ni la katikati."

Kaka yake alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. Akasimama, akambusu utosini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku alipooa, akaondoka akipiga mluzi.

Pazia alibaki amezishika zile karata tatu mkononi. Alitaka kuzirudisha kwenye bunda lakini mkono ulikataa. Mtu aliyeuliza habari ya cheo, mbona alipumua kama aliyeponea chupuchupu?

Jumatano kazi haikwenda. Alikaa kwenye cherehani, akainuka. Akaenda kunywa maji, akarudi bila kunywa. Alishona upindo wa pazia zima upande wa nje, akafumua, akashona tena, akajikuta ameushona pamoja na ncha ya sketi yake mwenyewe. Mkata vitambaa wa pale karakanani, mzee mmoja mchekeshaji waliyemwita Kipimo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Pazia, sasa na wewe tukutundike dirishani?"

Pazia alijitahidi kutabasamu. Alikuwa akiangalia kitambaa cha njano alichokitandaza juu ya meza. Juu ya kitambaa cheupe, njano ile ilikuwa changamfu kama asubuhi. Kipimo alipokivuta na kukilaza kando ya kile cha kijivu kizito, ikageuka ikawa rangi ya mtu mgonjwa. Kitambaa ni kile kile. Kila siku aliwaambia wateja wasichague rangi peke yake, waitazame na ukuta itakapokaa. Sasa Jumanne alilisahauje jambo hilo?

Saa ya chakula alitoka nje akampigia shangazi yake. Shangazi alikuwa mwanamke wa maneno makavu, mstaafu wa posta, magoti yamemgomea lakini ulimi uko kazini.

"Ulimsomea nini?"

"Jua, shangazi. Lilisimama wima, katikati."

"Hongera. Na majirani zake?"

Pazia alichomoa uzi ulioganda kwenye sketi yake.

"Nakuuliza wewe. Jua lilikaa na nani?"

"Mwezi kushoto. Mnara kulia."

Shangazi aliguna mguno mrefu. "Na wewe ukaruka hao wawili kwa sababu ulipenda la katikati. Sikiliza, mwanangu. Lingekuwa na karata za raha pembeni, Jua ni raha. Lakini Mwezi ni jambo lililofichwa, tena wakati mwingine linafichwa na muulizaji mwenyewe. Jua likija baada yake, maana yake jambo lile linaanikwa. Na likisimama mbele ya Mnara, linamwonyesha mtu ufa jengo likiwa bado limesimama. Ni karata nzuri, sikatai. Ila uzuri wake ni wa kuonyesha. Haikusema 'fanya'. Imesema 'tazama'."

"Mimi nilimwambia asiogope."

"Alikuuliza kitu gani?"

"Hakusema. Nilidhani ni cheo."

"Basi ulijibu swali lako, si lake. Mpigie."

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga mara ya pili, ya tatu, ya sita. Alipotoka kazini hakwenda nyumbani, alipitiliza moja kwa moja kwa wifi yake, akamkuta anaanua nguo uani.

"Wifi, hebu niambie ulimpa nini mume wangu," wifi alisema kabla hata ya salamu kuisha. "Tangu Jumapili chakula hakipiti, anazungukazunguka humu ndani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Jana karudi kutoka kwako anaimba bafuni!"

"Alikuwa na shida gani?"

"Ataniambia mimi? Najua tu kwamba meneja wa lile jengo anampigia asubuhi, mchana, jioni. Kuna cheti cha usalama wa lifti, anatakiwa akitie saini kesho. Leo simu kaizima, kasema anataka afanye kazi bila kelele."

Pazia alikuwa ameshika kibanio cha nguo, akawa anakifungua na kukifumba, anakifungua na kukifumba, mpaka wifi akakichukua mkononi mwake taratibu.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Pazia na Kipimo waliyashusha mapazia mbele ya lile jengo. Ukumbi wa chini ulikuwa unanuka rangi mbichi. Mlango wa lifti uling'aa kama sinia jipya, na mbele yake alisimama kaka mtu, kalamu mkononi, pamoja na meneja wa ujenzi, bwana mmoja nadhifu mwenye viatu visivyojua tope.

"Kaka, nina neno na wewe."

"Baadaye."

"Sasa hivi. Tafadhali."

Meneja akatazama saa yake. Kaka mtu akamfuata dada yake mpaka kwenye ngazi, shingo upande.

"Swali lako la Jumanne lilihusu hii lifti?"

Macho ya kaka yake yalikimbilia sakafuni, na kwa Pazia hilo lilitosha.

"Nilikusomea vibaya. Nilikusomea karata moja nikaziacha mbili."

"Umeanza!" Sauti yake ilikuwa ya chini lakini kali. "Jumanne unanipa Jua, Alhamisi unakuja kuninyang'anya? Pazia, usinichezee akili. Mimi nimeshaamua."

"Sikunyang'anyi. Lile Jua ni lako. Lakini lilikuwa na Mwezi huku, na Mnara huku. Jambo lililofichwa, na jengo linaloangusha watu. Nilikuambia ni vumbi la njiani kwa sababu nilikuwa na haraka, na kwa sababu nilitaka ufurahi."

"Karata hazijawahi kufungua kifuniko cha breki!"

"Hazijawahi. Wewe umefungua. Uliona nini?"

Juu huko mtu alikuwa akipigilia misumari. Kaka mtu akaketi kwenye ngazi.

"Mkono wa breki una ufa," alisema. "Mwembamba, kama unywele. Ikiwa tupu inasimama sawasawa. Nikiijaza, mara inasimama, mara inateleza kiasi cha shibiri moja. Nilimwambia meneja. Akasema kaza kaza, tia saini, kifaa kipya kitakuja mwezi ujao. Akasema ufunguzi umeshatangazwa, na mafundi wako wengi mjini."

"Na wewe ukaja kwangu."

"Nilikuja uniambie nisiogope." Alijifuta uso kwa mkono wote, akajipaka grisi shavuni. "Hukunisomea vibaya, mdogo wangu. Ulinisomea nilichokuja kukitafuta."

Pazia alikaa kando yake. Akasema, "Kesho watapanda watu wenye magongo."

Kaka mtu aliinuka. Alirudi ukumbini, akaiweka kalamu mfukoni mwa ovaroli, akamwambia meneja, "Sitii saini mpaka tuijaribu ikiwa imejaa. Mbele yako."

Meneja alicheka kwa upole wa mtu anayekasirika. "Fundi, si uliniambia jana mambo yako tayari?"

"Jana nilikosea."

Vibarua wakaitwa. Wakapakia mifuko ya saruji iliyobaki uani mpaka ikafika uzito wa watu wanane. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia. Kaka mtu aliipandisha kwa kitufe cha nje mpaka ghorofa ya saba, akaiita chini. Lifti ikaja ikinguruma taratibu, ikasimama, milango ikafunguka. Mifuko imetulia tuli.

"Umeridhika?" meneja aliuliza.

"Tena."

Ikapanda, ikashuka, ikasimama. Safari hii sakafu yake ilikuwa chini ya sakafu ya ukumbi kwa upana wa vidole vinne, lakini meneja akasema hilo ni jambo la marekebisho madogo. Vibarua walianza kupeana macho. Kipimo akamnong'oneza Pazia waanze kupandisha mapazia kwa ngazi, wasije wakachelewa. Pazia hakusikia. Hakujua anaomba nini. Lifti ikisimama salama, kaka yake ameaibika mbele ya watu kwa sababu yake. Isiposimama, je?

"Mara ya tatu," kaka mtu alisema, "halafu nitatia saini au sitatia."

Taa za namba zilihesabu kurudi chini. Saba, sita, tano. Kwenye tatu ngurumo ikabadilika, ikawa nyembamba, kama mtu anayechana kitambaa kirefu. Mbili na moja zikawaka pamoja. Lifti ikaupita ukumbi bila kusimama, ikagonga springi za shimoni kwa kishindo kilichotingisha vioo vya mlango wa mbele. Vumbi la saruji likachomoza katikati ya milango na kumpaka meneja wa watu viatu vyake vyote viwili.

Kibarua mmoja akasema, "Mama yangu," akatoka nje.

Meneja hakuomba radhi. Alikunja kile cheti mara mbili, akakitia mfukoni, akaenda kupiga simu upande wa pili wa ukumbi, mgongo kwao. Ufunguzi uliahirishwa wiki tano. Mkono mpya wa breki ulifungwa na fundi mwingine, kwa sababu kaka mtu aliondolewa kwenye kazi ile siku ile ile, bila asante, wala kwaheri.

Mwezi mzima alikaa nyumbani. Wifi alimnunia Pazia kwa siku kadhaa, kwa kuwa kuna mtu ilibidi anuniwe, kisha wakapatana juu ya nguo za kuanua. Baadaye mmoja wa wale vibarua alikwenda kufanya kazi hospitalini, akasimulia habari ya ile mifuko ya saruji, na hospitali ikamwita kaka mtu aje kutunza lifti zake sita. Yuko huko mpaka leo.

Karata hakuomba tena, na Pazia hakumshawishi. Yeye anaendelea kuwasomea wengine jioni, baada ya cherehani. Ila sasa swali linasemwa kwa sauti kwanza, na wapo wanaokasirika na kuondoka. Juzi alikuja mwanamke mmoja, mwalimu, akafunuliwa Jua. Akarusha mikono juu, akaanza kuinuka kuchukua mkoba wake.

"Kaa kwanza, dada," Pazia alimwambia, kidole juu ya karata zilizobaki. "Bado kuna mbili."