Uzito wa Sanduku

Ghalani walimwita Kilo, kwa sababu alikuwa akinyanyua gunia mara moja tu na kukutajia uzito wake, na ukibisha, mizani ndiyo iliyokuaibisha. Siku ya uchaguzi alipata kibarua cha kushusha masanduku ya kura. Akalishika la kwanza, akasimama nalo, akauliza mbele ya watu: mbona sanduku tupu zito kuliko mtungi wa maji? Jioni ile ile alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na daktari mkuu akaandika kwenye faili: anahisi vitu visivyokuwepo.

Miezi mitatu ikapita. Siku madaktari walipokaa kuamua nani arudi nyumbani, dada yake, aliyebaki akiwalea watoto wawili wa Kilo, alimvuta pembeni koridoni.

"Mdogo wangu, sema lilikuwa jepesi. Sema ulichoka, jua lilikuchoma. Neno moja tu, tukalale nyumbani."

Kilo alikuwa na kiu ya wanawe. Lakini mikono hii ndiyo iliyowalisha. Akikiri kuwa inadanganya, nani atamwamini tena?

Ndani, daktari mkuu aliuliza, bila kuinua macho, kama sanduku bado lilikuwa zito. Kilo akasema ndiyo. Mkuu akachukua kalamu. Ndipo daktari mpya, binti mwembamba aliyehamia wiki iliyopita, akataka kujua alijuaje. Kilo akamwambia alilibeba, basi.

Binti akamwonyesha kapu la mashuka machafu yaliyolowa mlangoni. Kilo akalinyanyua, akalishusha.

"Kilo kumi na tatu. Likikauka litabaki kumi na moja."

Mizani ya wagonjwa ilikuwa pembeni. Ikasema kumi na tatu. Wakampa rundo la mafaili, naye akasema sita na nusu, ikawa hivyo. Mkuu akadai ni bahati tu, akamkabidhi mkoba wake mwenyewe.

"Nne kasoro kidogo," alisema Kilo. "Na usiutundike bega moja, baba, utapinda."

Muuguzi alicheka, akajifanya anakohoa. Mizani ikasema nne kasoro kidogo.

"Miezi mitatu tunamtibu," alisema daktari mpya. "Kuna aliyekwenda kulipima hilo sanduku?"

Mkuu akasema kwa sauti ya chini kwamba maagizo yalitoka juu, na yeye ana familia. Binti akamjibu kwamba maagizo hayaambukizi mtu kichaa, akamsukumia faili. Mkuu akaufuta ule mstari kwa mkono wake, akaandika: hana ugonjwa.

Kilo hakuondoka. Akaomba karatasi isomwe uani, mbele ya wagonjwa na walinzi, kwa kuwa ni huko alikoitwa mwehu kila asubuhi. Ikasomwa kwa sauti. Dada yake akalia na kucheka kwa pamoja, kitambaa kikimtoka kichwani asikiokote.

Kisha akasimama mwanamke mmoja, mwalimu, aliyeletwa kwa kusema darasa lake halina paa ilhali ripoti ilisema lina paa jipya.

"Na faili langu lifunguliwe."

Nyuma yake akasimama wa pili. Wa tatu. Daktari mpya akatazama jua, akaagiza meza na mafaili viletwe pale pale uani.