Alhamisi Enjini Inapozimwa

Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya adhuhuri, Saado alizima enjini ya kisima, na wenye ngamia wakamtukana. Hakujali. Wapige kelele mpaka makoo yawakauke, simu yake haingesikika katika kishindo cha enjini.

"We binti, maji gani haya ya kukatikakatika?" alifoka mzee Bulle, mwenye ngamia wengi kuliko subira.

"Enjini imechoka, adeer," Saado alimwita ami kwa heshima. "Iache ipumue."

Saado alikuwa wa Tarbaj. Huku karibu na Hulugho aliletwa na kazi, na kazi aliipata kwa cheti cha ufundi wa mitambo alichosomea Garissa, msichana peke yake darasani. Chumba chake kilikuwa nyuma ya enjini. Mama yake alibaki na mifugo, mahali ambapo hata mtandao haufiki. Kisimani watu walijaa kutwa, lakini nani alikuja kwa ajili yake? Waliuliza dizeli ipo, maji yapo, enjini haijambo. Wallahi, enjini ile ilijuliwa hali kuliko Saado! Jioni mifugo ikiondoka alikula peke yake akitazama ukuta.

Aliyemjulia hali alikuwa Nafiso, mtafiti wa Nairobi aliyewafuatilia waliotoka vyuo vya ufundi, kujua kama wamepata kazi. Nafiso alizaliwa mtaa wa Isili, huko huko Nairobi, Kisomali chake cha kuombea maji, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Utaratibu wa utafiti ulikuwa huu: aliyepata kazi aliulizwa maswali ya mwisho, akaagwa. Asiye na kazi alipigiwa kila mwezi, aeleze anakwama wapi.

Saado alipoajiriwa kisimani, alipokea simu akiwa na habari njema mdomoni. Nafiso akamtangulia, akimwita dada kwa Kisomali: "Abaayo, umekula leo? Mbona sauti imekauka?" Tangu atoke kwao, hakuna aliyemwuliza kama amekula. Habari njema akaimeza.

"Bado natafuta kazi," alisema. Mwenye njaa hana miiko, na si njaa zote ni za chakula.

Basi ikawa desturi. Enjini inazimwa, Saado anaketi juu ya pipa la dizeli, anasema bado. Maswali ya utafiti yaliisha upesi. Yaliyobaki yalikuwa ya dada na dada. Walicheka mpaka machozi habari ya mchumba wa Nafiso, mwanamume mzima anayeogopa mbuzi.

Alhamisi moja Nafiso hakucheka.

"Ripoti inakwenda kwa wakubwa kesho, abaayo. Wanataka kozi ya mitambo wasipewe tena wasichana, waende ushonaji wote. Wapo walioomba nafasi mwaka huu. Nimebisha, lakini niwaonyeshe nini? Aliyeisoma ni wewe tu, na hujapata kazi mpaka leo."

Saado aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Nafasi ile aliipata kwa kubishana na ukoo mzima, na sasa ulimi wake mwenyewe ulikuwa unawafungia wenzake mlango. Akaufikiria pia ule ukuta. Akisema kweli, simu hii ndiyo ya mwisho. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Hawakusema kwamba mwishoni mwake mtu hubaki peke yake.

"Ngoja, abaayo, usikate."

Akawasha enjini, akaisogezea simu. Maji yakaruka kwenye hori, ngamia wakasukumana, mzee Bulle akapaza sauti, "Alhamdulillahi!"

"Umesikia?" Saado alipiga kelele. "Hiyo ndiyo kazi yangu! Naiendesha mimi, ikiharibika naitengeneza mimi, tangu mwezi wa pili! Andika!"

Akaizima tena ili asikie jibu.

"Mbona hukuniambia?" Nafiso aliuliza.

"Ningekuambia, ungenipigia tena?"

Nafiso angeweza kumdanganya, lakini hakumdanganya. "Pengine nisingepiga," alisema. "Watu wa kupigia ni wengi mno, abaayo. Lakini ripoti naibadilisha leo hii." Kisha akamwuliza maswali ya mwisho, moja baada ya jingine, kwa sauti ya ofisini, akamshukuru kwa ushirikiano.

Mwezi uliofuata Alhamisi ilipofika, Saado alizima enjini, akaketi juu ya pipa. Simu ilikaa kimya mapajani. Wenye ngamia hawakutukana, walishazoea. Ni mzee Bulle tu aliyesogea mpaka pale, akamtazama usoni.

"Bado inapumua?"

"Bado, adeer," Saado alisema, na machozi yakamtoka.