Mkono wa Mwenye Maji

Binamu yangu Abdulwahab alirudi kutoka Japani na tabia ya kuinama kila anaposalimia, na mimi mtu wa kuniinamia simwamini. Kule alikaa miaka mingi akifanya kazi kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa penye chemchemi ya maji ya moto. Aliporudi alipanga chumba Bagamoyo mjini, akanunua kigari kidogo, kisha akaanza kuja kwetu Mapinga kumwona mama yangu, Bi Ashura, ambaye kwake ni shangazi. Mara ya kwanza alikuja na ndizi mzuzu, mara ya pili na doti ya kanga. Nikasema hapa pana namna.

Niseme mapema mimi ni mtu wa aina gani, nisije nikaonekana namsingizia mtoto wa watu. Naitwa Mwajabu, fundi cherehani, nashona sare za shule. Nguo ikiletwa mbele yangu naigeuza ndani nje kabla sijaisifia, na watu nawafanyia vivyo hivyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata salamu naikagua kwanza ndipo niiitikie. Alikuwa akitania, lakini hakukosea sana.

Sasa, ukoo wa mama una kitu kimoja tu ambacho mtu aliyetoka Japani angeweza kukitamani: maji yetu ya moto ya Kwamjoho, upande wa Uzigua, ng'ambo ya mto Wami. Ni bwawa dogo katikati ya mawe, linafuka mvuke asubuhi, na watu wenye maumivu ya viungo huja kuoga na kwenda zao. Kwetu maji hufuata upande wa mama. Yalikuwa ya bibi, akayashika mwanawe, mjomba Mwinyijuma, na mjomba alipofariki yakaja kwa dada yake, yaani mama yangu. Abdulwahab ni mtoto wa mjomba Mwinyijuma, kwa hiyo ni wa ukoo wa mama yake, na pale Kwamjoho hana chake. Labda apewe.

Na kupewa kwenyewe hakuna karatasi wala mashahidi wa serikali. Mwenye maji akitaka kumwachia mtu huvaa kaniki, huingia majini ameshikwa mkono, na yule aliyemshika ndiye anayebaki nayo. Mama alishaniomba nimshike mkono huo tangu mjomba hajamaliza arobaini. Kila akianza maneno hayo nilimkatisha, nikamwambia nina vyerehani vyangu, siwezi kwenda porini kulinda bwawa. Nilimaanisha. Lakini sikuwa nimesema mtu mwingine aje achukue.

Kisha wakaanza kutoka pamoja. Abdulwahab anapiga honi, mama anavaa baibui lake la Idi, wananiaga kwamba wanakwenda Dar kumjulia hali Nasrin, jamaa yetu wa Magomeni. Siku moja nikampigia simu Nasrin. Akashangaa, akasema hajamtia mama machoni tangu mfungo uishe. Sikumwuliza mtu kitu. Niliendelea kukunja pindo zangu, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Ndipo Abdulwahab akaja na habari ya treni. Kampuni moja ya utalii, alisema, inajaribu safari ya mchana kutoka Ruvu kuelekea Tanga, watu watazame nchi, washuke Kwamjoho waoge, waelezwe mambo ya kale. Yeye ndiye aliyewapa wazo, kwa vile Japani ameyaona. Alikuwa na nafasi mbili, yake na ya shangazi.

"Tafuta na ya tatu," nikamwambia.

"Dada Mwajabu, si ulisema shule zinafungua, una sare za kumaliza?"

"Hazina miguu, zitanisubiri."

Akamtazama mama. Mama akainamia mchele aliokuwa akichagua. Nikajua nimewaharibia mpango, na nilifurahi.

Behewa lenyewe lilikuwa safi, viti vinageuzwa kutazama dirishani, vitambaa vya kuegemea kichwa bado vina harufu ya duka. Mama alikaa dirishani, Abdulwahab karibu yake, mimi mkabala nao ili niwaone wote wawili. Treni ilipoiacha Ruvu, mikoche ikaanza kutokea mmoja mmoja kwenye nyika, kisha makundi ya ng'ombe wa Wamang'ati, kisha vilima vya mbali ambavyo mama alivitaja kwa majina. Sikuwahi kumsikia akiyataja. Uso wake ulikuwa umenawiri, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Binti wa kampuni, aliyejitambulisha kwa jina la Angela, alishika kipaza sauti akaeleza urithi. Alisema maji ya Kwamjoho yalikuwa bafu la malkia wa Kizigua, na askari walizuia watu wasisogee.

"Malkia yupi huyo?" mama akauliza, kwa sauti ya kusikika behewa zima. "Aliyekuwa akioga pale ni bibi yangu, na aliyekuwa akizuia watu ni mbuzi wake dume."

Watu wakacheka. Angela naye akacheka, akaomba radhi, akasema ataliandika la mbuzi. Abdulwahab hakucheka sana. Alikuwa akinitazama mimi.

Tulivuka Wami polepole. Maji yalikuwa ya udongo, na viboko wamelala kwenye kina wametoa masikio tu. Hapo Abdulwahab akaanza hadithi za Japani. Kule, alisema, treni ya mabehewa mawili inapita milimani, na ukikaribia mji wa maji ya moto unaona mvuke unatoka mpaka kwenye mitaro ya barabarani. Watu wanachemshia mayai humohumo. Kila stesheni ina chakula chake ndani ya kisanduku, na ukikosea kuagiza unakula mwani mpaka mwisho wa safari.

"Na kuoga wanaogaje?" mama akauliza.

"Kama walivyozaliwa, shangazi. Wanaume kwao, wanawake kwao."

"Astaghfirullah," mama akasema, lakini alisogea karibu asikie zaidi.

Akaeleza habari za bosi wake, bibi kizee aliyekuwa akipiga magoti mlangoni kupokea wageni. Ile nyumba ilikuwa ya ukoo mmoja tangu zama. Bibi hakuwa na mtoto wala ndugu aliyekubali kuishika. Alikuwa akisema uzee haumtishi, kinachomnyima usingizi ni kutojua nani atafungua mlango siku yeye hayupo.

Mama akashusha pumzi. Mimi nikamkazia macho Abdulwahab.

"Mwisho akamwachia nani?"

"Hakuna. Alikufa, nyumba ikafungwa. Ndiyo nikarudi nyumbani."

"Ikafungwa, ukakumbuka kwamba hata sisi tuna maji."

"Binamu, ulimi wako huo ungeufunga kwenye cherehani, ungekata nguo bila mkasi."

Ni mtani wangu, mtoto wa mjomba, ana ruhusa ya kunitania. Lakini niliona amekwepa swali. Akageukia dirisha, mashamba ya katani yakaanza kupita, mistari kwa mistari, naye akasema bila kugeuka, kama mtu anayesema jambo dogo tu:

"Shangazi, pale mawe yana utelezi. Tukifika nitakushika mkono."

"Haya, mwanangu," mama akajibu.

Nilitaka kusema papo hapo, mbele ya Angela na watalii wake, kwamba mwizi mmempakia humu humu. Nikajizuia kwa sababu mama hakuwa amevaa kaniki, alikuwa ndani ya baibui, na bila kaniki mkono ni mkono tu. Kwenye kioo cha dirisha niliona macho ya Abdulwahab. Alikuwa bado ananitazama.

Kwamjoho hakuna stesheni, pana ubao tu ambao rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri. Watalii wakapelekwa kwenye mahema kula. Sisi tulipokewa na Bi Rukaya, mwanamke wa ukoo wetu anayeishi pale kulinda maji. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiniangalia kwa furaha iliyozidi kiasi. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake wengi wa ukoo, wamejifunga vizuri, na mmoja ameshika bakuli la unga. Mtu anayekuja kuoga mguu wake unaouma hapokewi na bakuli la unga. Nikaanza kutembea karibu na mama kiasi cha kukanyaga baibui lake.

Tulipofika kwenye mawe mama alilivua lile baibui. Chini yake alikuwa amevaa kaniki.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Ya kuogea."

"Wanaoga na kanga siku hizi."

Bi Rukaya alinyunyiza unga kwenye maji, mama akasema bismillahi, na Abdulwahab, ambaye tayari alikuwa amekunja suruali, akateremka jiwe la kwanza na kumnyooshea mkono. Niliona kila kitu kwa pamoja: ndizi mzuzu, safari za Dar, uongo wa kwenda kwa Nasrin, hadithi ya bibi wa Japani. Mama yangu alikuwa anaibiwa mchana kweupe na watu wote wamesimama wanatazama.

Nilimsukuma kwa bega. Akaenda chini, akakaa kwenye tope. Nikaudaka mkono wa mama na kushuka naye majini nikiwa na viatu vyangu na mkoba begani. Maji yaliniunguza mpaka magotini, lakini sikumwachia.

Wanawake wakapiga vigelegele.

Nilidhani wanamshangilia mama. Kisha nikamwona Abdulwahab pale topeni, hana hasira hata kidogo, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Nikausikia na mkono wa mama. Siku hizi hata kifuniko cha chupa hawezi kufungua, lakini wakati ule alikuwa amenikamata kwa nguvu zake zote.

"Tangu mdogo wewe ndivyo ulivyo," akasema. "Uji huutaki, mpaka mwenzio anyooshe mkono kwenye bakuli."

Nikamgeukia Abdulwahab. "Na wewe ulijua?"

"Mimi nilikuwa chambo, dada. Aliyetega ni shangazi. Mimi si wa ukoo huu, hata ningeshika, Bi Rukaya angenitoa kwa mwiko."

Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Nilimwambia mama amenifanya mjinga mbele ya watu, kwamba mimi ni mtu mzima, angeniambia tu. Akaniuliza ameniambia mara ngapi. Nikauliza nilichokuwa nimekiweka moyoni siku zote.

"Na Dar mlikuwa mnakwenda kwa nani?"

Abdulwahab aliacha kucheka. Akanyanyuka, akaanza kujipangusa tope ambalo halikuwa linatoka.

"Hospitali," mama akasema. "Nilimkataza asikwambie. Ungeacha kushona, ukakaa kunitazama usoni kutwa."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nifanye mambo yangu mapema."

Mvuke ulikuwa unapita kati yetu. Nilitaka kumwambia kwamba madaktari wengi hawajui kitu, kwamba iko hospitali nyingine, kwamba Abdulwahab huenda hakuelewa vizuri alichoambiwa. Nilitafuta uongo kwenye uso wa mama kama nilivyozoea kuutafuta kwa watu, na kwa mara ya kwanza siku ile nikatamani sana niukute. Haukuwepo.

"Sasa sikiliza mpaka mwisho," akasema, "maana huwa hunipi nafasi ya kumaliza. Mwenye maji akishakabidhi, akitoka hapa hayagusi tena, mpaka siku atakayooshwa nayo. Na anayekuja kuyachota ni yule aliyemshika mkono. Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, Mwajabu."

Akaugeuza mwili kuelekea kwenye mawe, akapapasa kwa mguu kutafuta pa kukanyaga. Bi Rukaya alikuwa ukingoni amemtandazia kanga kavu.

"Mwachie mama yako atoke, mwanangu," Bi Rukaya akaniambia kwa upole.

Sikumwachia.