Mnufaika wa Tatu

Ng'ombe wa mama Marsiana alianza kuhangaika saa mbili asubuhi, upepo wa Juni ukiwa bado unauma masikio. Ilipofika saa tatu, nusu ya kikundi cha wafugaji wa kijiji kile cha jirani na Mpui ilikuwa imezunguka zizi. Lucia alisimama nyuma ya wote, kama alivyozoea, ingawa kila mtu alijua kwamba ndama akiwa jike ni wake.

Katika daftari la kikundi jina lake lilikuwa limekaa miaka mitatu: Mnufaika wa tatu. Wa kwanza alikuwa mtu wa kijiji cha Kate, ambaye hapo kijijini ni mwenyekiti Vicent tu aliyewahi kumwona. Mtu huyo alipewa mtamba na shirika la misaada, akamlea mpaka akazaa, na ndama jike wa kwanza akamtoa kwa mama Marsiana. Sasa mama Marsiana naye alipaswa kutoa jike wake wa kwanza kwa Lucia, Lucia atoe kwa Hellena, na Hellena atoe kwa mwingine ambaye jina lake bado halijulikani. Ila ng'ombe wa mama Marsiana alizaa dume, akazaa dume tena. Lucia alikuwa ameshajenga banda na kupanda matete ya malisho. Majirani wakampachika jina: mfuga upepo.

Siku moja alijikaza akamwuliza Vicent, "Mwenyekiti, mbona naitwa mnufaika na sijapata kitu?"

"Kwani ng'ombe yule analishwa kwa ajili ya nani?" Vicent akamjibu. "Mama Marsiana anaamka na baridi kukata majani. Majani mengine anakata kwa ajili yake, mengine kwa ajili yako. Mtu akihangaikiwa na wenzake ili kesho apate, huyo ni mnufaika, hata kama leo mikono yake mitupu."

Lucia, aliyeachia shule darasa la tano, hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mtu anahangaika kwa ajili yake. Tangu siku hiyo, kila alipopita karibu na zizi lile alipunguza mwendo, kama anayepita mbele ya kanisa.

"Wewe binti mwenye ndama, unajificha nini?" Obed aliita kutoka zizini. Obed alikuwa Msukuma aliyehamia na mifugo yake upande wa Milepa. Uzazi ukiwa mgumu, huitwa yeye. "Njoo ushike mkia."

Lucia akaingia, akashika mkia. Obed akavuta, ng'ombe akaguna, na ndama akateleza mpaka chini kwenye nyasi.

"Dume," Obed akasema.

"Dume tena!" Sebastiani, mmoja wa wanakikundi, akapiga kofi pajani, nje ya uzio. "Mfuga upepo, kapande matete mengine!"

Watu wakacheka. Lucia akainama, akaanza kumfuta yule ndama kwa nyasi kavu ili asionekane macho.

"Nyamazeni," Obed akasema ghafla. Mkono wake ulikuwa ubavuni mwa ng'ombe. "Yumo mwingine."

Kicheko kikakatika. Zikatokea kwato mbili, nyeupe na laini kwa chini kama uyoga uliochomoza asubuhi. Kikafuata kipua, kisha kichwa kilicholala juu ya miguu kama mtu anayesali. Mvuke ukapanda kutoka kwenye mwili ule mdogo, upepo ukauchukua. Lucia alisahau kumfuta yule dume. Alimfikiria yule mtu wa Kate. Aliamka na baridi kama hii, akakata majani, wala hakujua kama duniani kuna Lucia. Na majani yale yamepita kwenye matumbo ya ng'ombe wawili, leo yanapumua hapa, mbele ya miguu yake.

"Jike!" Hellena akapiga kelele, na vigelegele vikalipuka.

Mama Marsiana akamkumbatia Lucia. "Mwanangu, leo nimetua mzigo!"

Obed peke yake hakucheka. Alikuwa ananawa mikono polepole. Lucia akamsogelea.

"Baba Obed, kuna nini?"

Obed akashusha sauti. "Jike aliyelala tumbo moja na dume hazai. Katika kumi, labda mmoja ndiye huzaa. Lakini kanuni yenu inasema jike, na huyu ni jike. Mpokee, mnenepeshe, umwuze nyama. Nani atakulaumu?"

Hakuna ambaye angemlaumu. Banda lingepata mnyama, na jina la mfuga upepo lingekufa leo leo. Lucia akageuka. Hellena alikuwa amepiga magoti, amempakata yule ndama jike, anahesabu kwa vidole ni miaka mingapi ifike zamu yake.

"Mnufaika wa tatu," Vicent akaita, amefungua daftari. "Njoo utie saini."

Lucia akapokea kalamu. Mkono ukasimama hewani.

"Huyu hapana."

"Umesemaje?"

"Hazai. Ni pacha wa dume. Nikimchukua, Hellena hatapata kitu. Na wa baada yake."

"Lucia!" Mama Marsiana akang'aka. "Miaka mitatu! Unajua nimekata majani kiasi gani?"

"Najua, mama. Ndiyo maana. Yule wa Kate alikupa anayezaa."

Mama Marsiana akamtazama Obed. Obed akaitikia kwa kichwa.

"Sasa tungoje tena?" Sebastiani akauliza.

"Nitangoja mimi," Lucia akasema. Hawakuwahi kumsikia akisema kwa sauti mbele ya watu, na hapakuwa na aliyecheka.

Vicent akachukua kalamu yake, akaifunika bila kuandika.

Ndama wote wawili waliponyonya mpaka matumbo yakakaza, mama Marsiana akakamua dang'a kidogo, yale maziwa mazito ya kwanza baada ya kuzaa, akaibandika jikoni mpaka ikaganda. Akatoka na kikombe kimoja, akapita mbele ya mwenyekiti, akapita mbele ya Obed, akampa Lucia. Lucia akakipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto, kizito, na ndani yake rangi ya manjano kama kiini cha yai. Akaonja, akafumba macho.

"Dada," Hellena akanong'ona pembeni yake, "tamu?"

Lucia akampa kikombe.