Ushuhuda wa Mama Esteri

Mtu akitaka kuwaibia watu wa Murungu, huko Kibondo, asije na panga. Aje na pikipiki iliyosafishwa vizuri, awaamkie kwa Kiha, akaribishwe kigoda, apewe mrija na anywe pombe ya mtama katika mtungi mmoja na wenyeji. Akishafanya hivyo anaweza kuondoka na chochote anachotaka. Ndivyo alivyofanya Bwana Stanislaus mwaka 1974, na wako watu Murungu ambao mpaka leo ukiwauliza habari zake wanabadilisha mazungumzo.

Alikuja kuuza uanachama. Chama chake kiliitwa Safari Bila Taabu, ofisi ilikuwa Kasulu mjini, na kila aliyelipa ada ya mwaka alipewa kadi ya kijani yenye picha ya treni. Mwanachama, alieleza Stanislaus huku akifuta povu la pombe mdomoni, hahangaiki. Anaonyesha kadi, anapewa nafasi ya gari hadi Kigoma, chumba cha kulala, tiketi ya treni, na mtu wa kumbebea mzigo. Wasio wanachama wao wataendelea kubanana kama kuku kwenye tenga. Yule bwana alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na siku ile walitoka wengi.

Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Pelagia, mjane aliyevuka mpaka kutoka Burundi na binti yake Esteri, akapokelewa Murungu na shemeji yake, mzee Tharsisi. Esteri alikuwa ameolewa na Nsabimana, mkimbizi mwenzao, na wawili hao wakapelekwa Ulyankulu, huko Tabora, pamoja na wengine waliogawiwa mashamba. Pelagia hakuwahi kupanda treni maishani. Alijua tu kwamba Tabora ni mbali, kwamba siku moja Esteri angejifungua, na kwamba siku hiyo asipokwenda yeye hakuna mwingine wa kwenda.

Maana kwao mwanamke akijifungua, watu wa upande wake humwendea na unga wa uji. Desturi hiyo huitwa guhemba. Mzazi hukaa ndani akiwasubiri, na wakishakuja, akanywa uji wa kwao, ndipo hutoka uani na mtoto watu wakamwona. Asipokujiwa, majirani hawasemi kwamba njia ni ndefu au nauli ni ghali. Wanasema hana kwao. Ukiwa umekwisha kuikimbia nchi yako mara moja, neno hilo linauma zaidi ya tusi.

Kwa hiyo Pelagia alitaka kadi. "Masharti ya chama yako hapa," Stanislaus alisema, akaingiza mkono mkobani polepole, kama mtu anayetafuta kitu asichotaka kukipata. Mzee Tharsisi aliona haya kwa niaba ya mgeni wake. "Karatasi za nini?" alisema. "Wewe si umekunywa na sisi?" Kwa watu wale, kumdai karatasi mtu aliyeshika mrija katika mtungi wako ni kumwita mwizi mbele ya macho yake. Stanislaus aliutoa mkono mkobani upesi kuliko alivyouingiza, na kaya kumi na moja zikalipa siku hiyo hiyo.

Pelagia alilipa kwa maharage ya msimu mzima. Mwaka uliofuata akalipa tena, na mwaka wa tatu akalipa tena, maana Stanislaus alimwambia akikosa mwaka mmoja yote ya nyuma yanakwenda na maji. Katika miaka hiyo hakusafiri kwa kadi ile hata kufika Kibondo mjini.

Barua ya Nsabimana ilifika mwaka 1976, ikiwa imepitia parokiani na kukawia huko wiki mbili. Esteri amejifungua mtoto wa kiume. Yuko ndani. Mama mkwe wake anauliza wakwe watakuja lini, na majirani nao wameanza kuuliza. Pelagia aliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa ujuzi alioupata kwenye kisomo cha watu wazima, kisha akasaga ulezi, akajaza kibuyu cha asali, akajitwisha kapu na kwenda kuomba lifti kwenye lori la kwenda Kasulu.

Ofisi ya Safari Bila Taabu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la Khatibu, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walitoka pwani. Ndani palikuwa na meza, kalenda, na Stanislaus. Aliipokea kadi ya Pelagia kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Mama, wewe ni mwanachama wa daraja la tatu."

"Mimi ni mwanachama," Pelagia alisema. "Mambo ya madaraja sikuambiwa."

"Imeandikwa hapa nyuma. Daraja la tatu husafiri kuanzia Machi mpaka Mei, abiria wakiwa wachache."

Pelagia aliichukua kadi akaisogeza karibu na macho. Kweli nyuma palikuwa na maandishi, madogo kama sisimizi, aliyokuwa ameyadhania pambo. Alisoma mstari mmoja akaacha, kwa sababu hasira ilikuwa imempanda mpaka herufi zikacheza. Machi mpaka Mei ni miezi ya mvua, malori yanazama kwenye matope na hakuna mwenye akili anayesafiri. Sasa ilikuwa Agosti.

"Mjukuu wangu hakungoja Machi," alisema.

"Unaweza kupanda daraja," Stanislaus alijibu kwa upole. "Kuna ada ya kupandia."

Hakuwa na ada ya kupandia wala ya kushukia. Alichokuwa nacho kilikwishaingia mezani pale, miaka mitatu mfululizo. Asia, mkewe Khatibu, alimkuta amekaa kwenye baraza la duka na kapu lake, akamwingiza ndani, akampa chakula na mahali pa kulala. Siku nne Pelagia alikuwa akienda ofisini kila asubuhi, na kila asubuhi Stanislaus alimkaribisha vizuri, akamsikiliza vizuri, na kumnyima vizuri. Laiti angemfokea, angalau na yeye angepata nafasi ya kufoka.

"Dada yangu, mimi nimempangisha chumba tu," Khatibu alimwambia. "Ofisi iko ndani ya nyumba yangu na mimi mwenyewe sijajiunga. Ukitaka, nitanunua unga na asali kwa bei nzuri upate nauli."

"Halafu nifike na nini?"

Kwenda guhemba mikono mitupu ni vibaya kuliko kutokwenda, na hilo hata mtu ambaye si Mha wala Mrundi aliweza kulielewa.

Siku ya tano ilikuwa siku ya soko. Stanislaus alimwita Pelagia mwenyewe, akamvutia kiti.

"Mama, nina nafasi moja. Gari kesho asubuhi, treni keshokutwa. Ni yako."

Pelagia alikwishajifunza kwamba kwa mtu yule zawadi huwa na mkia.

"Leo nina wageni kutoka kijiji cha Kagerankanda. Wanataka kujiunga lakini wanasitasita. Simama tu uwaambie kwamba chama kinatimiza."

"Mimi sijasafirishwa."

"Utakuwa umesafirishwa keshokutwa. Siku mbili, mama. Kwa siku mbili tu utasema ni uongo?"

Kuna watu ambao ukiwasikiliza sana unaanza kuona jambo la aibu kama hesabu ya kalenda. Pelagia alifikiri juu ya Esteri aliyefungiwa ndani kama mtu aliyekosa, na juu ya wale majirani. Alipotoka nje alikuta watu kama thelathini uani kwa Khatibu, wengi wanawake, wamekaa chini na watoto wao. Kapu la unga lilikuwa mkononi mwake. Stanislaus ndiye aliyemwambia alibebe.

Alisema kwamba yeye ni mwanachama wa miaka mitatu, ambalo ni kweli. Alisema anakwenda Tabora, ambalo nalo ni kweli. Hapo mwanamke mmoja wa makamo aliyeitwa Theodosia akasimama, akamwambia kwa Kiha, akimwita mawe, yaani mama:

"Mawe, tunaona umebeba unga wa mzazi. Huyu bwana tutamsikia baadaye. Tuambie wewe. Wanatimiza?"

Wote walilitazama lile kapu. Nani amewahi kusikia mwanamke akidanganya akiwa na unga wa guhemba mkononi? Ndiyo maana yule fedhuli alimwambia alibebe. Alikuwa amekulia vijiji hivyo hivyo, na kila kitu watu walichokiheshimu yeye alikiona ni kitendea kazi.

"Wanatimiza," Pelagia alisema.

Wala nisimpambe. Alidanganya, na alijua anadanganya. Theodosia alikuwa wa kwanza kufungua pindo la kanga yake.

Pale stesheni ya Kigoma Pelagia aliona mambo mawili. La kwanza, hakukuwa na chumba wala mtu wa kumbebea mzigo. La pili lilimchoma zaidi. Dirishani palikuwa na foleni, na mbele yake mwanamke mwenye kuku wawili alitoa pesa akapewa tiketi, tiketi ile ile aliyopewa yeye, ya rangi ile ile, bila kadi na bila kuulizwa daraja la chama chochote. Alimuuliza karani kama kuna miezi inayokatazwa. Karani alidhani anataniwa, akamwambia awapishe wengine. Pelagia alihesabu maharage yake ya miaka mitatu akaona angeweza kwenda Tabora na kurudi mara nne. Na tiketi aliyokuwa nayo, alipoitazama vizuri, ilikuwa ya kwenda tu.

Alifika Ulyankulu amechoka, amejaa vumbi, na unga wake ukiwa salama. Siwezi kusema furaha ile haikuwa ya kweli. Mama Nsabimana, mkwewe Esteri, alimpokea kwa vigelegele akawatuma watu wawaite majirani wote, hasa wale waliosema sana. Uji ulipikwa, ukatiwa asali. Esteri alikunywa ndani mama yake akiwa amempakata mtoto, kisha akatoka uani, akakaa kwenye mkeka juani na bakuli la pili mkononi, watu wakimtazama. "Mawe," alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, "nilikuwa nimeanza kuwaamini wanaosema sina kwetu."

Ndipo Mama Nsabimana akaja na fundo la kitambaa, akakaa karibu na Pelagia.

"Mzazi mwenzangu, tumengoja kwa amani kwa sababu Esteri alituambia wewe ni mwanachama wa chama cha safari. Na kweli umekuja. Sisi hapa ni nyumba tano zenye ndugu waliobaki Kibondo, upande wa Nyabibuye. Tumechanga. Utuandikishe ukirudi."

Akaliweka fundo mapajani mwa Pelagia. Watu wa zile nyumba nyingine nne walikuwa wamesogea, wanasubiri. Ilikuwa siku ya heshima ya Esteri, na kilichotakiwa ni kusema ndiyo tu, kama alivyosema Kasulu. Fedha angeweza kuzirudisha baadaye kwa barua, na visingizio visingekosekana. Pelagia alilitazama fundo lile, na hasira aliyokuja nayo tangu stesheni, ambayo njia nzima ilikuwa ya Stanislaus, ikageuka ikamtazama yeye.

"Msilipe," alisema. "Ni wezi. Walinikatalia siku nne. Nilipewa nafasi hii kwa kuwadanganya akina mama wa Kagerankanda kwamba chama ni kizuri."

Kwenye mkeka Esteri aliliweka bakuli chini, lina uji bado.

"Walilipa, hao akina mama?" Mama Nsabimana aliuliza.

"Walilipa."

"Wakakuamini kwa sababu ya unga huu."

"Ndiyo."

Mama Nsabimana hakumtukana, ingawa Pelagia angependelea matusi. Alilichukua fundo, akalifungua, akatoa noti chache na kuziweka kwenye kiganja cha Pelagia, akamkunja vidole.

"Hizi zitakurudisha. Lakini hutafika kwako kabla hujapita Kagerankanda."

Pelagia alikaa siku mbili tu. Esteri alimsindikiza hadi barabarani na mtoto mgongoni, akamshika mkono. Kutoka Kigoma hadi Kasulu Pelagia alikuwa akipanga maneno, na kila alipoyapanga yalianza na "mimi nilikuwa sina njia nyingine," na kila mara aliyavunja akaanza upya.

Theodosia alikuwa shambani anang'oa maharage alipomwona akiteremka na kapu tupu. Aliacha kazi akamkimbilia, mikono ikiwa na udongo, akamkumbatia.

"Nilisema utapita kwetu. Mtoto mzima? Mzazi mzima? Unajua, dada zangu walikuwa wanaogopa, na mkwe wangu naye. Nikawaambia, mimi nimemwona mama kwa macho yangu, na unga wake mkononi. Wamelipa juzi, na wengine wa ng'ambo ya bonde wamelipa pia. Ngoja nikuletee maji ya kunywa."

"Usilete," Pelagia alisema. "Waite kwanza dada zako na mkwe wako. Na hao wa ng'ambo. Nataka wanisikie wote."

Theodosia alicheka kwa furaha. Akageukia bondeni, akaweka mikono mdomoni, akawaita kwa majina, mmoja mmoja, waje wasikie habari za safari.