Stesheni Chini ya Mkeka

Siku ya thamanini na mbili ya eda yake, Bi Mwanamwema alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, kama alivyokaa siku zote zile za nyuma, akisikiliza mtoto wa marehemu dada yake anavyovunjwa meno ukumbini.

Alikuwa kizuka, mjane aliye edani. Mumewe, mzee Matar, alifariki kaskazi ikivuma, na mjane wa dini hakai chini ya miezi minne na siku kumi: hatoki, hajitii manukato, wala haonwi na mwanamume wa kando. Magoti yake yalishagombana na ngazi zamani, basi eda akaikalia chumba cha chini, nyuma ya pazia la kaniki. Mkeka wake ulitandikwa juu ya mfuniko wa birika, lile shimo kubwa la maji ya mvua lililochimbwa na babu yake Matar. Mvua ikinyesha, bomba la kutoka darini humwaga humo, na nyumba nzima hunywa.

Kosa la Abdulla, mtoto huyo wa dada yake, lilikuwa mdomo. Alirudi masomoni Moskoo mwaka ule wa sitini na saba, akakaa barazani akasimulia stesheni ya treni iliyo chini ya ardhi: nguzo za marumaru, mataa kama ya nyumba ya harusi, ngazi zinazopanda zenyewe na watu wamesimama tu kama magunia. Wazee walicheka, wakasema huyu huko kalishwa kitu. Bi Mwanamwema hakucheka. Yeye usichanani alipanda gari la moshi la Bububu, likamtoboa buibui kwa cheche, na tangu siku hiyo hakuna uovu wa gari la moshi asioweza kuuamini.

Abdulla, ili aaminiwe, akatoa ramani ya treni hiyo. Karatasi ikapita mkono hata mkono mpaka ikamfikia Machano, mkubwa wa doria ya mtaa. Machano maisha yake alikuwa hajaona ramani isipokuwa ya Unguja. Akaamua duara lililochorwa katikati ni mji wao, mstari mwekundu ni njia ya chini inayotokea baharini, na kwenye stesheni ndiko maadui watakakoteremkia.

Ndiyo asubuhi ile akaja na kiboko na kurunzi, na nyuma yake Ame, mtu wa Makunduchi, mzima mwenye ndevu zake, kabeba bunduki.

Abdulla akisema stesheni iko Moskoo, alipigwa kwa uwongo. Akinyamaza, alipigwa kwa kiburi. Kiboko kilimchana mgongo, kitako cha bunduki kikamvunja taya, na hapo hata angetaka kusema ingekuwa taabu. Machano akamwambia adhana ya adhuhuri ikimkuta hajaionesha, atapelekwa kule. Mtaani kila mtu alijua kule. Waliopelekwa kule zilirudi kanzu zao.

Bi Mwanamwema akainuka, akakunja mkeka.

"Mwachieni huyo," akasema nyuma ya pazia. "Stesheni mnayoitafuta nimeikalia mimi."

Machano aliling'oa pazia kwa mkono mmoja. Ame akabaki kizingitini, kageukia ukuta, kwani bibi yake alimfundisha kwamba mwanamume akionana macho na kizuka hamalizi mwaka. Machano akamcheka, akasema mambo hayo yamekwisha. Akainua mfuniko wa msaji kwa pete yake ya chuma. Ubaridi ukapanda, na giza, na mwangwi, na ngazi ya miti ikiteremka.

Alishuka. Akamulika nguzo za mawe zinazoshikilia dari, akazihesabu kwa sauti, akaridhika. Kisha mguu ukaingia majini, kisha kiuno, ndipo akafahamu. Akapanda akitukana matusi ambayo hata Bi Mwanamwema, mjuzi wa matusi, mawili hakuwahi kuyasikia. Mkono wake ulipotokeza ukingoni, bibi aliachia mfuniko. Vidole vilialika kama makumbi makavu. Machano akaanguka, ngazi ikamfuata, na Bi Mwanamwema akatandika mkeka, akakaa.

Ame akakoki bunduki.

"Ingia," Bi Mwanamwema akamwambia. "Ingia mwanangu, n'kutazame vizuri."

Ame hakuingia. Nje mvua ya masika ikaanza, na bomba likaguguma ndani ya ukuta. Chini, Machano aliacha kutukana akaanza kuita watu, kisha akaanza kumwita Mungu. Bi Mwanamwema akatoa shuruti zake: Abdulla afunguliwe, na yeye atainuka itakapoadhiniwa alasiri, si kabla. Ame akalia, akazifungua kamba alizofungwa Abdulla. Abdulla alitambaa mpaka mlango wa nyuma, na huko jirani, Bi Kidawa, akamvisha buibui na kumshika mkono kama anayempeleka mgonjwa.

Saa zile zilikuwa ndefu. Bomba halikunyamaza, na sauti ya chini ikawa ndogo, ikawa kikohozi. Bi Mwanamwema alijua kwamba akikaa kidogo tu kupita adhana, hakuna atakayemdai neno. Alilifikiri hilo vizuri, wala hakuona aibu kulifikiri. Adhana ya alasiri ikalia. Akasikia mara moja maji yakipiga ubao chini yake, akainuka.

"Maji ya kunywa haya," akamwambia Ame. "Njoo umtoe. Nshageuka uso."

Ame akaingia kafumba macho, akapapasa, akamvuta. Machano alitoka kijani, mkono umevimba kama fenesi. Alipopata pumzi alimpokonya Ame bunduki, akampiga bibi kwa kitako chake kwenye mkono wa kulia, mfupa ukalia chumba kizima. Akamlenga kifuani. Ame, uso kaurudisha ukutani, akamwuliza polepole:

"Mkubwa, kule utawaambia ulikuwa wapi?"

Machano alisimama akichuruzika maji. Akateremsha bunduki. Akatoka, na taarifa yake, kwa walioiona, ilisema nyumba imepekuliwa na haina kitu.

Abdulla alifichwa mashamba ya Kizimbani, kisha akavushwa Mombasa katikati ya magunia ya makonyo ya karafuu. Akaandika kwamba yu hai, ila nyama hatafuni tena.

Eda ilipokwisha, Bi Mwanamwema alioga, akatoka, mkono umeungwa upande. Ame alikuwa akimngoja barazani na mkungu wa ndizi. Akamwamkia shikamoo, akazungukazunguka maneno, mwishowe akaomba aione stesheni kwa macho yake.

Bibi akamfunulia. Ame alichungulia sana, akaona maji meusi na ndevu zake.

"Bi Mwanamwema, na abiria je?"

"Kashaondoka, mwanangu. Si ulimfungua mwenyewe?"