Uvimbe Puani mwa Bwana Masikio

Tangu apatwe na kiharusi, mke wa fundi saa alikuwa amebakiwa na maneno machache, na yote alimpa sungura wake. Mumewe hakuambulia hata moja. Kila asubuhi alimsikia akinong'ona jikoni, "Kula, babu, kula," huku sungura, waliyembandika jina la Bwana Masikio, akitafuna majani ya karoti mapajani mwake. Fundi alikuwa akiwatania wateja kwamba amepinduliwa nyumbani kwake na kiumbe asiyevaa hata viatu.

Kisha sungura akaanza kupiga chafya. Wakadhani ni mafua. Alipewa dawa, akapata nafuu, yakamrudia. Halafu tundu moja la pua likaanza kutoa damu, naye akawa anakoroma akiwa macho, shingo kainyoosha juu kutafuta hewa.

Daktari wa mifugo, binti mpole, alimpiga picha ya kichwa.

"Baba, haya si mafua. Ni saratani ya pua. Kwa sungura ni nadra sana, mimi mwenyewe nimeisoma tu."

"Basi ikate."

"Imeshakula mfupa. Na sungura hupumua kwa pua, mdomo haumfai kitu. Tukimwacha, atakosa pumzi taratibu mpaka mwisho. Afadhali nimlaze kwa sindano, afe bila maumivu."

"Mke wangu haongei na mtu mwingine," fundi alisema. "Unanielewa, mwanangu?"

"Nenda kamlete amuage," daktari alisema.

Fundi alirudi kumchukua mkewe, akamweleza njiani. Kliniki, mama alimpakata mgonjwa wake na kumsogezea jani mdomoni. Sungura alilitafuna kidogo, pumzi ikamkata, akaliacha. Sindano ikaingia. Vidole vya mama viliendelea kupapasa yale masikio hata yalipokwisha kulegea, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi.

Juma lililofuata fundi alileta sungura mwingine, mchanga, mzima wa afya. Mkewe alimtazama mara moja, akageukia ukutani.

"Mke wangu, nitukane basi," fundi alimsihi, amepiga magoti kando ya kiti. "Neno lolote. Nitukane tu."

Midomo ya mkewe ilitetemeka, ikafunguka, ikafungika. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande uliosalimika.

Fundi alimrudisha yule sungura alikomtoa. Hakufungua duka siku hiyo, wala iliyofuata.